Pesa za Majuu Zinalala Wapi?

Mwaka 2024 Wakenya wanaofanya kazi nje walituma nyumbani takribani dola bilioni 4.9, kutoka bilioni 4.2 mwaka uliotangulia, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Hakuna zao la shambani linaloleta kiasi hicho, hata chai. Zaidi ya nusu hutoka Marekani. Lakini hesabu hizo huishia mlangoni. Hazisemi pesa zikishaingia zinawekwa wapi, wala hazigusi zile zisizotoka kabisa kwenye akaunti ya Dubai, London au Dallas. Nyingi huliwa: karo, hospitali, matanga, deni la shangazi. Tuzungumzie zile zinazobaki.

Aliye Ghuba anajua tangu siku ya kwanza kwamba atarudi. Viza yake imeshikwa na mwajiri, pensheni ya serikali ya huko si yake, na anachosubiri mwisho wa kazi ni kiinua mgongo. Sheria ya Falme za Kiarabu inampa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Mfanyakazi wa nyumbani yuko chini ya kanuni nyingine, na chake ni chembamba zaidi: kule Saudi Arabia ni mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka minne mfululizo. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuacha akiba Riyadh. Anaituma yote, na swali lake ni nani wa kuipokea.

Jibu la miaka mingi limekuwa ploti. Haiozi, haihitaji nywila, na mama anaweza kuionyesha kwa jirani. Tatizo huanza ujenzi unapoanza. Kaka anatuma picha za msingi, kisha za ukuta uliofika kwenye linta, kisha bei ya saruji inapanda, fundi anaugua, mchanga unaibwa. Picha zinaendelea kuja. Mwenye pesa akitua likizoni anakuta nyumba aliyokuwa akiitazama kwenye simu ni ya mtu mwingine, mtaa wa pili, na kwake kuna nyasi na rundo la kokoto. Karibu kila ukoo una hadithi hiyo, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kampuni za kuuza viwanja zimeliona pengo hilo: zinapiga kambi kwenye maonyesho ya mali London na Dubai, zinatoa malipo ya polepole, zinaahidi hati. Nyingine huleta hati kweli. Nyingine zimeuza shamba moja kwa watu watatu. Tangu Aprili 2021 serikali ina mfumo wa Ardhisasa, ulioanzia Nairobi, unaomwezesha mtu kupekua umiliki kwa mtandao, na aliye mbali hana udhuru wa kununua bila kupekua. Isitoshe, Mkenya aliyechukua uraia wa nje bila kuhifadhi wa Kenya akumbuke Katiba ya 2010: asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Kilichobadilika kwa kishindo ni upande wa serikali. Benki Kuu ilizindua mfumo wa mtandaoni wa DhowCSD mwaka 2023, na mtu aliye Doha sasa hufungua akaunti ya hatifungani kwa simu yake, mradi ana akaunti ya benki Kenya, kitambulisho na namba ya kodi. Zamani ilikuwa fomu za karatasi, sahihi za mabenki na ndugu wa kupanga foleni Nairobi. Leo anatoa zabuni mwenyewe. Hatifungani za kawaida huanzia shilingi 50,000. Mnada hufanyika Jumatano, majibu yakitoka anapewa namba ya malipo, na pesa lazima ziwe zimeingia kufikia Jumatatu. Hapo ndipo wengi hujikwaa: kutuma kutoka benki ya nje kwaweza kuchukua siku tatu, na anayeshindwa kulipa anaweza kufungiwa kushiriki. Wazoefu hutanguliza pesa Nairobi wiki nzima kabla.

Februari 2024 ndipo soko hili lilipopata sifa mtaani. Serikali iliomba shilingi bilioni 70 kwa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Zikaja zabuni za zaidi ya bilioni 280, ikachukua kama 241, kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Mwanzoni mwa mwezi huo dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160. Aliyeleta dola 10,000 alipata shilingi milioni 1.6, na riba ya takribani shilingi 295,000 kwa mwaka. Kufikia katikati ya mwaka shilingi ilikuwa imepanda hadi 129 hivi kwa dola, na hapo ikatulia. Riba hiyo ya mwaka, ikirudishwa kwenye dola, ni kama 2,290, na mtaji wenyewe kwa bei hiyo una thamani ya zaidi ya dola 12,000. Hakuna benki ya majuu iliyotoa faida ya aina hiyo.

Waliokuwa wakituma mapema wana hesabu chungu. Dola iliyoletwa mwanzoni mwa 2021 ilipata shilingi 110. Aliyeziacha shilingi hizo kwenye akaunti isiyo na riba, Januari 2024 alikuwa amepoteza karibu theluthi ya dola zake bila mtu kumwibia senti. Ndiyo maana siamini mtu anayepanga vitega uchumi kwa kutazama asilimia ya riba peke yake. Mfanyakazi wa Ghuba, ambaye dirhamu na riyali yake zimefungwa kwenye dola, kila anapotuma anacheza pia na bei ya shilingi, ajue asijue. Na bahati ya Februari haikudumu: riba ya dhamana za serikali za siku 91, iliyokuwa karibu na asilimia 16 mwaka 2024, ilishuka hadi nane hivi mwaka 2025.

Kwa jirani Tanzania, wasiotaka minada wana UTT AMIS ya serikali, iliyoanza kuuza vipande vya Mfuko wa Umoja mwaka 2005 na sasa ina mifuko mingine, ukiwemo wa Ukwasi na wa Hatifungani. Kenya nako mifuko ya soko la fedha imekua kwa kasi, na kwa aliye Qatar ni mahali pazuri pa kuweka pesa akingojea bei nzuri.

Aliye Marekani asifuate mkumbo. Raia au mwenye kadi ya kijani akinunua mfuko wa pamoja wa Nairobi, hata ule wa soko la fedha anaoufungua kwa dakika tano, kodi ya Marekani huutendea kama kampuni ya uwekezaji ya kigeni, na faida inaweza kutozwa kwa viwango vya juu kabisa, pamoja na fomu inayowatoa jasho hata wahasibu. Akaunti zake za nje zikijumlika kupita dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, lazima aziripoti. Hatifungani anayoishika kwa jina lake haina balaa hiyo ya mifuko. Wengi wa kundi hili, kwa kweli, akiba yao kubwa haisafiri: iko kwenye mpango wa uzeeni wa mwajiri, ambao kuuvunja kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida huvutia faini ya asilimia 10 juu ya kodi.

Wahandisi na wahasibu wa Dubai wana mitego yao. Mawakala waliwauzia mipango ya akiba ya miaka 25 iliyosajiliwa Isle of Man, yenye ada zinazokula michango ya miaka ya mwanzo, mpaka kanuni za Falme za Kiarabu za 2020 zilipobana kamisheni. Wengine wananunua hisa za Marekani moja kwa moja bila kujua kwamba asiye mkazi akifariki, mali yake ya huko inayozidi dola 60,000 hutozwa kodi ya urithi inayofika asilimia 40.

Serikali ya Kenya kwa miaka imezungumzia hatifungani maalum ya dola kwa walio nje. Nigeria ilijaribu mwaka 2017 na kupata dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 5.625 kwa miaka mitano, baada ya kuisajili Marekani ili watu wake wa huko waweze kuinunua kihalali. Mnunuzi wa Kenya atauliza maswali mawili: inazidi kwa kiasi gani dhamana ya muda mfupi ya serikali ya Marekani, iliyokuwa ikilipa asilimia tano kwa sehemu kubwa ya 2024, na je, atauza kwa nani akizihitaji pesa kabla ya muda? Mwenye kuiandaa akija na majibu ya hayo mawili, muuguzi wa Texas atafungua pochi. Asipokuja nayo, DhowCSD ipo, na ploti zipo.