Kwa nini niling'oa freti za besi yangu

Katika harusi moja mwaka jana, mzee wetu wa udi alinigeukia katikati ya wimbo akaninong'oneza: "Mwanangu, mbona wewe wapita juu na mimi napita chini?" Nikaona haya. Besi yangu nilikuwa nimeiwamba sawasawa kabla ya kuanza. Kumbe kasoro ilikuwa ni freti, vile vyuma vilivyolala shingoni mwa gitaa.

Udi hauna freti, wala fidla haina. Maqamu ya Rast ikianzia do, noti ya tatu huangukia kati ya mi bemoli na mi kamili. Mpiga udi huweka kidole pale pale na mambo yakaisha. Freti hazina mahali pale. Ni ama juu ama chini. Msikilizaji hatakwambia kosa ni nini, ila ataona wimbo haushiki.

Sikuwa na pesa za besi nyingine, na hii niliyo nayo ndiyo inayonilisha. Kilichonipa moyo ni kwamba Bill Wyman wa Rolling Stones aling'oa freti za besi yake rahisi mwaka 1961, na Jaco Pastorius aliipaka shingo ya besi yake epoksi ya mashua. Epoksi ya mashua! Kwetu Pwani hiyo si ya kutafutwa mbali.

Freti hazing'olewi kwa nguvu. Kila moja niliipasha kwa chuma cha kulehemu mpaka gundi ikalegea, kisha nikaiinua polepole kwa koleo lenye midomo bapa, nikianzia ukingoni. Ya tano niliifanyia haraka, ikatoka na kibanzi cha mbao. Jasho lilinitoka. Nilikirudisha kwa gundi, lakini alama ipo hadi leo.

Mifereji iliyobaki usiiache wazi, maana shingo hulegea. Niliijaza vipande vyembamba vya mbao nyeupe. Ndiyo mistari inayoniongoza sasa. Halafu msasa, uliozungushiwa kibao chenye mviringo ule ule wa shingo, usije ukachimba mabonde. Mwisho epoksi, tabaka juu ya tabaka, na msasa tena. Nyuzi zitakuwa juu mno kwa kuwa freti hazipo, kwa hiyo zile pengo za mfupa wa kichwani huchongwa chini kidogo kidogo. Na nyuzi zenyewe ziwe za bapa. Za mikwaruzo hula mbao.

Kwenye freti kidole hukaa nyuma ya chuma. Sasa hukaa juu ya mstari wenyewe, na ukikosea upana wa punje ya mchele, ukumbi mzima wasikia. Nilijifungia chumbani wiki sita.

Mzee hajanigeukia tena. Ila tukipiga zile nyimbo za Kihindi za mwendo wa kasi, bado naazima besi ya rafiki yangu, yenye freti zake zote.