UPWEKE WA MFANYAKAZI NA SIMU YAKE

Wengi wetu tumeacha wazazi, wake, waume na watoto nyumbani, tukaja kukaa katika kambi za mashamba na vyumba vya kupanga karibu na viwanda. Jioni kazi ikiisha, kila mmoja huinamia simu yake. Je, simu hiyo yaweza kujua kwamba aliyeishika ni mpweke?

Huko Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walitengeneza programu iitwayo BiAffect. Programu hiyo haisomi maneno. Hupima kasi ya vidole, muda unaopita kati ya herufi na herufi, na mara ngapi mtu anafuta alichoandika. Mwaka 2018, baada ya kuwafuatilia wagonjwa wachache wa akili, walitangaza kwamba namna ya kuandika ilihusiana na ukali wa huzuni yao. Upweke nao ulichunguzwa katika Chuo cha Dartmouth mwaka 2013. Wanafunzi 48 walichukua simu zenye kupima nyendo zao kwa wiki 10, na waliokuwa wapweke zaidi walielekea kutembea kidogo.

Elimu hii yaweza kuwafaa madaktari. Lakini sisi tunaofanya kazi kwa mikono tunajua jambo moja. Mchuma chai aliyeanza alfajiri ataandika polepole hata kama moyo wake una furaha. Aliyeumia kidole kwenye mashine atakosea herufi. Simu huona kidole kimechelewa, haioni kwa nini.

Kwa hiyo tuwe macho. Mwajiri akitugawia simu, au akitutaka tuweke programu ya kuandikisha kazi, tuulize kwa kupitia viongozi wa tawi: inapima nini, nani anasoma, na habari hizo zinawekwa wapi? Haifai mtu aachishwe kazi kwa sababu mashine imemdhania mgonjwa. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za mtu binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria isiyotumiwa na wanaohusika hubaki karatasi.

Upweke si aibu wala si uvivu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa nao, na kwamba unadhuru mwili pia. Dawa yake ya kwanza haihitaji mashine. Mwenzetu akiacha kuja mkutanoni, akila peke yake, akijibu salamu kwa shida, tusingoje simu itueleze. Twende tukabishe hodi chumbani kwake, tukae naye, tumsikilize. Kama hali ni nzito, tumsindikize zahanati.

Chama ni watu kabla ya kuwa kadi na ada. Mtu ni watu.