Uholanzi Yatufunza: Risasi Haijibu Hoja

Tangu kale nchi ya Uholanzi imesifiwa kwa uvumilivu wake. Mwaka 1579 mikoa iliyoungana katika Mapatano ya Utrecht ilikubali kwamba mtu asiteswe kwa sababu ya dini yake. Wayahudi waliotoka Ureno walipata makao huko, na Waprotestanti waliokimbia mateso ya Ufaransa vile vile. Katika karne ya 20 Wakatoliki, Waprotestanti na Wasoshalisti walikuwa na shule zao, magazeti yao na vyama vyao vya wafanya kazi, lakini viongozi wao walikaa meza moja wakapatana. Yafaa tujiulize, basi, jinsi nchi ya namna hiyo ilivyoweza kugeuka katika muda wa miaka miwili na nusu tu.

Mgeuko huo haukuanza kwa bunduki. Viwanda vya Uholanzi vilipohitaji mikono, Serikali iliagiza wafanya kazi kwa mapatano na Uturuki mwaka 1964, na na Moroko mwaka 1969. Baadaye viwanda vingi vikafungwa. Katika miji kama Rotterdam mzalendo maskini na mgeni maskini wakabaki pamoja katika mitaa ile ile ya zamani, wakitazamana kwa wasiwasi juu ya nyumba na kazi. Wakubwa waliokaa katika mitaa mizuri hawakuyaona hayo, na aliyelalamika mara nyingi aliambiwa kuwa ni mbaguzi, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini kumnyamazisha mtu si kumridhisha. Machi 2002 Chama cha Leba, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote katika baraza la Rotterdam tangu vita kuu ya pili, kilishindwa na chama kipya kilichoongozwa na Pim Fortuyn, kikapata viti 17 katika 45.

Fortuyn alitaka wahamiaji wazuiwe, akasema kuwa Uislamu ni utamaduni ulio nyuma. Sisi hatukubaliani hata kidogo na maneno hayo. Lakini maneno hujibiwa kwa maneno, na mgombea hushindwa kwa kura. Tarehe 6 Mei 2002, siku tisa kabla ya uchaguzi mkuu, alipigwa risasi huko Hilversum alipokuwa akitoka katika studio ya redio, akafa. Muuaji hakuwa Mturuki wala Mmoroko. Alikuwa Mholanzi, mtetezi wa haki za wanyama, aliyedai kwamba amewakinga wanyonge. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 18.

Je, wanyonge walikingwa? Uchaguzi ulifanyika kama ulivyopangwa, na chama cha marehemu kikapata viti 26 katika 150. Chama cha Leba kikaanguka kutoka viti 45 hadi 23. Serikali iliyoundwa pamoja na wafuasi wa marehemu ilivunjika kabla ya kutimiza miezi mitatu, maana kundi lile lilijaa ugomvi. Chama chenyewe kilikufa, lakini hasira ya wapiga kura haikufa. Ilitafuta nyumba nyingine.

Tarehe 2 Novemba 2004 damu ikamwagika tena. Theo van Gogh, mtengenezaji wa filamu, aliuawa barabarani mjini Amsterdam na kijana Mwislamu mwenye asili ya Moroko, aliyezaliwa mji ule ule. Mbunge Ayaan Hirsi Ali, Msomali ambaye sehemu ya ujana wake aliishi Nairobi, na ambaye aliiandika filamu iliyoleta chuki hiyo, ilimbidi afichwe. Kisha misikiti ikashambuliwa, makanisa nayo yakashambuliwa, na shule ya watoto Waislamu katika mji wa Uden ikateketezwa. Twauliza: watoto wale walimwua nani?

Tangu hapo mambo hayakurudi yalivyokuwa. Tangu 1 Januari 2005 kila mtu mwenye umri wa miaka 14 au zaidi alitakiwa na sheria aweze kuonyesha kitambulisho. Mwaka 2006 ilianzishwa sheria ya kuwataka wengi waliotaka kuhamia Uholanzi wafanye mtihani wa lugha na desturi wakiwa bado kwao. Mwanasiasa Geert Wilders, mpinzani mkali wa Uislamu, ameishi chini ya ulinzi wa polisi tangu 2004. Na katika uchaguzi wa Novemba 2023 chama chake kilipata viti 37, kikavishinda vyama vyote.

Ndugu wasomaji, muuaji wa Hilversum alitaka kuizima sauti moja, naye akaizidishia nguvu. Muuaji wa Amsterdam alidai kuipigania dini yake, akawaletea ndugu zake wa imani moto na mashaka. Lakini lawama haziishii kwa wauaji. Chama cha wafanya kazi kinachosubiri siku ya kura ndipo kijue yaliyomo mioyoni mwa wafanya kazi kimekwisha kuchelewa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mambo ya Rotterdam yaonyesha kuwa mkuu naye, asiposikia la mdogo, huvunjika lake.

Kwa hiyo yatupasa kumsikiliza mwenye manung'uniko angali akinung'unika, hata kama maneno yake yatuchoma, na kumjibu kwa nyumba, kazi na hoja. Na mtu akiua, ashtakiwe yeye. Jirani yake wa kabila moja au dini moja hana deni la kulipa.