Jino bandia sasa lapimwa kwa kamera

Waliowahi kupimwa jino bandia wanaukumbuka ule uji mzito unaong'atwa hadi ugande, na kichefuchefu chake. Sasa baadhi ya kliniki hutumia skana: kamera ndogo hupitishwa kinywani, kompyuta ikachora jino litakalofungwa juu ya skrubu ya titaniamu iliyopandikizwa kwenye taya.

Kipimo sahihi si urembo tu. Jino lisilokaa vizuri hukusanya mabaki ya chakula na bakteria, fizi huvimba na mfupa hupungua.

Hata hivyo, skana haiharakishi mfupa, ambao kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kushikana na skrubu.

Na mzazi, usimkimbize mtoto: taya likiendelea kukua, meno mengine hushuka nalo, la kupandikiza hubaki palepale. Kwanza ulizia jino la muda la kuvaa na kuvua.