Haki za Rafiki Aliyekufa kwa Unga

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu,

Tangu unga ulipoanza kuenea Unguja katika miaka ya 1980, Mji Mkongwe na Ng'ambo zimezika vijana wengi. Katika matanga yao husikika minong'ono: Je, mtu huyu husaliwa? Je, inafaa rafiki yake amlilie?

Haki yake ya kwanza ni mazishi kamili. Kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza juu yetu. Alilolifanya ni haramu, lakini dhambi haimvui mtu haki hii ya Uislamu wake.

Haki ya pili ni kuhifadhiwa na ndimi zetu. Imam Bukhari amepokea habari za Abdullahi, aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), naye akiadhibiwa mara kwa mara kwa ulevi. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kuwa mlevi yule alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Zingatieni: haramu ilibaki haramu na adhabu ilibaki adhabu, lakini laana ilizuiwa.

Ama machozi, hayana ubaya. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Kilichokatazwa ni mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na wengineo huomboleza siku tatu. Lakini huzuni ya moyoni haina kalenda.

Rafiki aliyebaki hujiuma vidole: laiti ningalimzuia, laiti ningaliwahi. Mtume ametukanya na neno hilo, kwani humfungulia shetani mlango. Badala yake, amwombee maghufira, amlipie deni akiweza, amtolee sadaka, awatazame mayatima wake.

Ndugu Waislamu, wako wafiwa tunaowasahau: wale waliokuwa wakitumia pamoja naye. Huenda wakasimama mbali na kaburi, wakiona haya kukaribia. Hao nao wamefiwa, tena wamo hatarini. Mwili wa aliyeacha unga kwa muda hupoteza uzoefu wake. Akirudia kipimo cha zamani kwa majonzi, pumzi hulegea hata ikakatika. Basi wapeni mkono wa taazia, waiteni safuni, kisha wasindikizeni kwenye matibabu. Ipo kliniki ya methadoni ya Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa mwaka 2015, na zipo nyumba za upataji nafuu, ziitwazo soba hausi.

Na atakayemkuta mtu haamki, anakoroma kwa shida na midomo imebadilika rangi, amlaze ubavu na amkimbize hospitali. Asimfiche chumbani kwa kuogopa majirani. Aibu hupita, roho iliyotoka hairudi.

Tusingoje jeneza ndipo tukumbuke kuwa fulani alikuwa ndugu yetu. Anayestahiki dua zetu akiwa maiti, anastahiki salamu zetu akiwa hai.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotangulia, watulize waliofiwa, na waokoe waliomo katika maradhi haya. Amin.