Nyasi na Kitalu cha Miche

Katika milima ya Ngara, usiku wa mwezi wa Juni na wa Julai huwa wa baridi. Mbingu haina mawingu, na joto lililoingia ardhini mchana hupanda na kupotea angani kabla ya mapambazuko. Mtu hujifunika blanketi. Mche wa nyanya hauna blanketi. Mche upatwao na baridi kila usiku haufi mara moja, ila hudumaa, na mwenyewe hungoja mavuno ambayo jirani yake amekwisha kuyala.

Wazee wa Ngara na Biharamulo waliojenga nyumba za msonge waliijua dawa ya baridi. Waliezeka kwa nyasi nyingi toka kileleni hata karibu na ardhi. Usiku ndani mlikuwa na joto. Mchana mlikuwa na ubaridi, wakati ambapo nyumba ya bati huwaka kama chungu mekoni. Je, nyasi zina moto ndani yake? La. Kama zingekuwa nao, mchana zingetuunguza.

Ifanyayo kazi ni hewa. Kati ya unyasi na unyasi mna nafasi ndogo ndogo zenye hewa iliyotulia. Joto hupita upesi katika bati, lakini katika hewa iliyotulia hupita polepole sana. Mtazame kuku asubuhi ya baridi: huyatutumua manyoya yake, apate kuishika hewa nyingi zaidi.

Twaa makopo matatu, utie maji ya moto sawasawa. Moja liache wazi, la pili lifunge kwa nyasi kavu, la tatu kwa nyasi zilizolowa. Baada ya nusu saa yaguse maji. Utaona ya kuwa nyasi zilizolowa hazifai, kwa maana maji yamekaa mahali pa hewa.

Katika karne ya 19 wakulima wa mboga waliokaa karibu na Paris, mji mkuu wa Ufaransa, walipanda wakati wa baridi kali katika masanduku yenye vifuniko vya kioo. Mchana jua lilipita katika kioo na kuupasha udongo moto. Jioni walitandika juu yake mikeka ya mabua makavu, na asubuhi wakaiondoa. Siku hizi wengi hutumia nailoni. Hiyo huliacha joto litoke usiku kuliko kioo, kwa hiyo wengine huweka mbili, na hewa katikati. Lakini zikigusana, au upepo ukipata upenyo chini ya mlango, kazi ni bure.

Kitalu cha nyumbani chahitaji nguzo fupi, fito na nyasi kavu tu. Upande utokako upepo, simamisha mkeka wa matete jioni. Juu ya miche ya nyanya, tandika nyasi usiku, uziondoe asubuhi ipate jua. Miche ya kahawa, kinyume chake, hupenda kivuli hicho mchana pia. Ipunguzie nyasi kidogo kidogo hata izoee jua. Nyasi zikilowa au zikiliwa na mchwa, zitandaze chini ya migomba, ukate nyingine.