Kanisa Linunue Nyumba au Lijenge?

Leo shikeni daftari na kalamu, maana somo letu lina hesabu. Mwalimu aandike ubaoni neno hili: MAKADIRIO. Maana yake ni hesabu ya fedha ifanywayo kabla fedha haijatumika.

Tuseme waumini wa kanisa moja wanasali chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, ibada huvunjika. Wazee wa kanisa wameletewa mashauri mawili. Mtu wa mjini anauza ghala lake la zamani, lenye bati na sakafu. Na kijijini kuna kiwanja kitupu, ambapo wanaweza kujenga. Je, wanunue au wajenge?

Zamani fedha nyingi za kazi hii zilitoka ng'ambo. Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876, na watu wa Uingereza walichanga. Jimbo Katoliki la Nachingwea lilipoundwa mwaka 1963, askofu wake wa kwanza, Arnold Cotey, alikuwa mgeni. (Tangu 1986 jimbo hilo huitwa Lindi.) Leo mzigo mkubwa uko juu ya waumini wenyewe, na fedha yao hutoka shambani.

Hapa ndipo penye shida, ndugu zangu. Fedha ya shamba haiji kila mwezi. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Korosho huanza kuuzwa Oktoba. Hupelekwa chama cha msingi, hungoja mnada, kisha mkulima hulipwa. Lakini ninyi mwajua mfuko ulivyo mwezi wa Februari, wakati wa palizi.

Sasa andikeni. Kanisa letu la mfano lina kaya 60. Kila kaya imeahidi shilingi 100,000 kwa mwaka. 60 mara 100,000 ni 6,000,000. Wazee wanafurahi. Lakini ahadi si fedha. Mwingine atauguliwa, mwingine korosho zake zitapata ugonjwa. Tuseme kaya 40 tu zimelipa. Tunapata 4,000,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika katika makadirio.

Ghala linauzwa 20,000,000. Kanisa lina akiba ya 6,000,000. Benki inakubali kukopesha zinazobaki, nayo inataka kulipwa 500,000 kila mwezi kwa miaka 3. Zidisheni: 500,000 mara 12 ni 6,000,000 kwa mwaka. Kanisa linapata 4,000,000. Pengo ni 2,000,000 kila mwaka. Tena benki hushika rehani. Deni likishindikana, nyumba ya ibada hupigwa mnada, na waumini hurudi chini ya mwembe wakiwa wamepoteza hata akiba yao.

Wazee wa Nachingwea wanaujua mpango wa karanga. Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947, ikaleta matrekta na kujenga reli kutoka Mtwara, kabla ya kupima vema udongo na mvua. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimepotea. Reli yenyewe ilikwisha kung'olewa. Serikali tajiri iliweza kustahimili hasara ile. Kanisa la kaya 60 haliwezi.

Basi, je, kujenga ni bora? Kwa kanisa hili naona ni bora, kwa sababu ujenzi huweza kungoja msimu. Mwaka huu msingi. Mwaka ujao kuta. Lakini angalieni jambo moja: msianze kuta za tofali mbichi kama fedha ya kupaua haipo. Mvua itazila. Ni heri kununua mabati kwanza, yakae ghalani, kuliko kusimamisha ukuta usio na paa. Na asiye na fedha aweza kuleta mchanga, maji au siku moja ya kazi. Hayo nayo yaandikwe, maana ni mchango.

Kanisa likiwa na fedha taslimu ya kutosha, kununua si kosa. Hata hivyo ulizeni: muuzaji ana hati? Ikiwa ni nyumba ya familia, mke wake ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Kijijini, halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji washirikishwe.

Na kiwanja kiandikwe kwa jina la nani? Si la mchungaji, hata akiwa mwema kama malaika. Akifa, watoto wake watadai urithi. Kiandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa.

Mwisho, daftari la mweka hazina. Mjane akileta 5,000, apewe stakabadhi ya 5,000, na jumla isomwe mbele ya wote kila mwezi. Wengi wenu sasa mwajua kusoma. Ombeni kuliona daftari hilo. Si utovu wa adabu.

Kwa somo lijalo, fanyeni hesabu hii: kaya 85 zimeahidi 60,000 kila moja, na kaya 50 zimelipa. Kanisa limepata shilingi ngapi, na linadai ngapi?